Mbao na Tofali Kabla ya Ngumi: Niliyojifunza Dodoma

Watu wanaokuja kutazama maonyesho ya karate hapa Dodoma hukaza macho kwenye mkono wa mpigaji, na wengi huondoka wakiamini kwamba ubao ulivunjika kwa sababu mkono ule ulikuwa mgumu kuliko mikono yao. Nimefundisha karate mjini hapa kwa miaka mingi, na tangu nikiwa na mkanda wa kahawia nimekuwa mtu wa kununua mbao, kuzikata, kuzikausha na kumwaga vibamba vya saruji kwa ajili ya klabu yetu. Kazi hiyo imenifikisha kwenye imani ambayo sasa naifundisha bila kusita: sehemu kubwa ya kuvunja huamuliwa kwenye banda la mbao na kwenye kiwanja cha tofali, siku nyingi kabla mtu hajakunja ngumi. Mwanafunzi asiyejua kitu alichowekewa mbele yake hana haki ya kukipiga, na mwalimu anayemwekea kitu asichokijua amemkosea.

Katika mitindo ya karate zoezi hili la kuvunja vitu huitwa tameshiwari, na aliyelifanya lijulikane duniani kuliko mtu mwingine ni Masutatsu Oyama, aliyezaliwa mwaka 1923 na kufariki mwaka 1994, mwasisi wa mtindo wa Kyokushin. Katika baadhi ya mashindano ya mtindo huo mbao hupangwa juu ya tofali mbili na kuvunjwa kwa mapigo manne: ngumi, ubavu wa kiganja, kiwiko na ubavu wa unyayo. Idadi ya mbao huweza kuamua mshindi pale wapiganaji wanapolingana. Wenzetu wa taekwondo nao wana kipimo chao cha nguvu kwa mbao. Kwa hiyo si mchezo wa sarakasi uliobandikwa kwenye karate, ingawa iko mitindo inayoupa nafasi ndogo sana, na walimu wake wana sababu zao ninazoziheshimu.

Nianze na mbao, kwa sababu ndiko kila mwanafunzi wangu anakoanzia. Mbao zinazouzwa kwa wingi Dodoma ni za msonobari, ambazo wauzaji wenyewe huziita paini, na nyingi huletwa kutoka Nyanda za Juu Kusini, hasa kwenye mashamba ya miti ya Sao Hill wilayani Mufindi. Kwa kazi yetu huo ndio mti unaofaa: ni mwepesi, nyuzi zake zimenyooka, na hupasuka kwa mstari safi. Mninga na mkongo ni mbao za samani na milango, na hakuna sababu yoyote ya mtu mwenye akili kuzipiga. Mkaratusi nao ni mzito na nyuzi zake mara nyingi zimesokotana, kiasi kwamba ubao wa unene uleule unaweza kumrudishia mkono mtu ambaye jana yake alivunja paini bila shida.

Mzee ninayenunua mbao kwake upande wa Kizota ananijua vizuri. Nikishamwamkia na kuanza kugusa lundo la mbele, hunizuia.

"Mwalimu, hizo zimeshushwa juzi, bado zina maji. Zako ziko kule nyuma."

"Za kule zimetiwa dawa, mzee?"

"Hazijatiwa. Zenye dawa ni hizi za kijani, za kenchi."

Swali la dawa siliachi hata siku moja. Dodoma ina mchwa wengi, na mbao za kuezekea hutiwa dawa inayoziachia rangi ya kijani. Dawa ya aina hiyo iliyozoeleka ina shaba, kromiamu na aseniki, na ubao wa namna hiyo ukivunjika hutoa vibanzi na vumbi ambavyo sitaki viingie kwenye ngozi iliyochubuka wala kwenye mapafu ya watoto waliokaa mstari wa mbele. Ubao wa kijani ni wa paa, basi.

Ubao mbichi una tabia yake. Ukiupiga hupinda, hukaa na nguvu yako kidogo, kisha huirudisha mkononi. Ubao mkavu haupindi sana; ukifika kikomo chake huachia ghafla. Kwa hiyo mbao zangu huzipanga ndani, kivulini, kila moja ikitenganishwa na mwenzake kwa vijiti ili hewa ipite, na wakati wa kiangazi, ambapo upepo wa Dodoma hukausha kila kitu, wiki tatu hivi hutosha. Masika ni habari nyingine. Kati ya Desemba na Aprili hewa huwa na unyevu, mbao hukauka polepole, na hata iliyokwisha kukauka hunywa maji upya ikiachwa karibu na mlango. Wapo wanaoharakisha kwa kuzianika juani. Jua la hapa huzipindisha na kuzipasua nchani, na ubao wenye ufa si kipimo cha mtu yeyote. Wapo pia wanaozioka kwenye joko mpaka ziwe kama biskuti. Udanganyifu huo naukataa kabisa, kwa sababu mtazamaji anaambiwa ni ubao ilhali yule kijana aliyeuvunja atakwenda siku nyingine kupiga ubao wa kweli akidhani ameshauweza.

Sasa nyuzi. Ubao hupasuka kirahisi kufuata nyuzi zake na hukatika kwa shida kubwa kuzikata nyuzi hizo, na tofauti hiyo si ndogo hata kidogo. Ninanunua mbao za inchi moja kwa kumi, zenye urefu wa futi kumi na mbili, nazikata vipande vya inchi kumi na mbili kufuata urefu. Kipande kikiwa mkononi, nyuzi zinapita kwenye ule upande wa inchi kumi na mbili, na ufa utapita huko huko. Kwa hiyo vishikilio, viwe tofali mbili au mikono ya mwenzako, vinakaa sambamba na nyuzi, kwenye kingo mbili zilizokuwa kingo za ubao mrefu kabla haujakatwa. Ukikigeuza kipande hicho robo mzunguko, umemwekea mpigaji kitu tofauti kabisa, na kwa macho ya mtu asiyejua hakuna kilichobadilika. Ndiyo maana kila kipande nakichora mshale kwa penseli mara tu kinapotoka kwenye msumeno, na aliyeshika ubao lazima auone mshale huo kabla ya kuitikia kwamba yuko tayari.

Ugumu wa ubao naupanga kwa mambo matatu, na haya huwafundisha wanafunzi kwa kipimo cha futi na msumeno mikononi mwao. La kwanza ni urefu wa mstari utakaopasuka: kipande cha inchi sita kinahitaji nusu ya nguvu ya kipande cha inchi kumi na mbili, na kwa njia hiyo ubao ule ule humfaa mama mwembamba na kijana wa miraba minne. La pili ni nafasi kati ya vishikilio, kwani vikisogea mbali ubao huachia mapema, na vikikaribiana hugoma. La tatu ni unene, na hapa ndipo watu wengi hushangaa, kwa sababu nguvu inayotakiwa haiongezeki sawasawa na unene bali kwa mraba wake. Ubao wenye unene mara mbili unahitaji nguvu mara nne. Ukipitisha randa kwenye ubao wa milimita 25 mpaka ukabaki 18, umeondoa milimita saba tu, lakini nguvu ya kuuvunja imeshuka karibu nusu. Seremala wetu wa Chang'ombe alipoambiwa hivyo hakusadiki mpaka tulipoviweka vipande viwili juu ya tofali na kuvilemea kwa mzigo, kimoja baada ya kingine. Tangu hapo hupima kila kipande chetu kwa uangalifu ambao hata mimi sikumwomba.

Mraba huo huo unaeleza jambo la mrundikano. Mbao mbili zilizolaliana bila kugundishwa si sawa na ubao mmoja wa unene wa zote mbili. Zinadai nguvu mara mbili, si mara nne. Na ukiweka penseli kati yake kwenye kingo, ya juu huvunjika kwanza na kuiangukia ya chini, kwa hiyo mkono haukutani na zote kwa wakati mmoja. Maonyesho mengi ya marundo marefu hufanywa kwa penseli, nami sioni aibu ndani yake. Kupitisha mkono kwenye rundo lote bila kupunguza kasi ni ujuzi wa kweli. Ninachotaka ni watazamaji waambiwe.

Tofali zina masharti yake, na kwangu ndizo zilizonifundisha zaidi. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia hapa kwa vitendo, viwanja vya kufyatulia tofali vimejaa kila upande, kutoka Nala mpaka Ihumwa, na kijana anayetaka kuvunja kitu haendi mbali. Huo urahisi ndio hatari yake. Tofali la kuchoma linaonekana dhaifu, lakini ni fupi na nene, na kwenye tanuru moja lililokuwa karibu na moto huwa gumu na jeusi wakati la pembeni halijaiva vizuri. Kwa hiyo mtu hajui anapiga lipi. Wale wanaolivunja hadharani kwa mkono mara nyingi hulilaza likiwa limechomoza ukingoni mwa jiwe, kisha hulinyanyua kidogo kwa mkono wa pili punde kabla ya pigo, hivyo linapopigwa hujigonga lenyewe kwenye ukingo wa jiwe. Jiwe ndilo linalovunja. Ukimwona mpigaji amelishika tofali kwa mkono wa kushoto, tazama mkono huo.

Bloku za pevingi ni mbaya zaidi. Zimetengenezwa kubeba magari, zege lake limeshindiliwa kwa mashine, na ufupi wake unafanya vishikilio vikaribiane. Nimepiga hesabu ya ile ya sentimita sita nikailinganisha na kibamba tunachotumia klabuni: kwa vipimo tu inahitaji nguvu zaidi ya mara mbili, kabla hujaingiza ubora wa zege. Katika maonyesho fulani ya uwanja wa kata, kijana wa klabu nyingine alipewa mbili za aina hiyo, zilizonunuliwa asubuhi ile ile, kwa kuwa waandaaji waliona zinapendeza. Alipiga kwa ngumi na hakuna kilichovunjika isipokuwa mfupa wa kiganja unaobeba kidole kidogo. Nilikaa naye hospitali mpaka jioni, akiuliza kosa lake ni lipi katika pigo, na jibu la kweli ni kwamba pigo lake lilikuwa zuri.

Tangu siku hiyo sikubali kibamba ambacho hatukukimwaga wenyewe. Tuna viunzi vya mbao vyenye urefu wa sentimita 40, upana 20 na kina nne. Tunavipaka oili chafu ili saruji isinate kwenye mbao, tunachanganya ndoo moja ya saruji kwa ndoo tano za mchanga wa korongo uliochekechwa, bila kokoto, bila nondo, bila waya wa aina yoyote. Mchanga wa makorongo ya hapa mara nyingine huwa na udongo, nao huufanya mchanganyiko kuwa dhaifu mahali pamoja na mgumu mahali pengine. Tunausugua kiganjani, na ukiacha rangi ya udongo tunauosha au tunautafuta mwingine. Baada ya kumwaga tunagongagonga viunzi kwa kipande cha mti ili hewa itoke, kisha kila kibamba huandikwa tarehe kwa msumari kingali kibichi. Kwa siku saba hufunikwa magunia yaliyoloweshwa na kumwagiliwa asubuhi na jioni, halafu huachwa kikauke kivulini mpaka kifikishe siku 28. Kikiwa tayari huwa na uzito wa kilo sita na ushee. Nakining'iniza kwa vidole viwili na kukigonga kwa konzi: kilicho kizima hulia kwa sauti kavu inayokaa kidogo hewani, na chenye ufa wa ndani hutoa mlio uliozimika. Kilichozimika huenda kujaza njia ya kuingilia klabuni.

Saruji haiogopi kubanwa, inaogopa kuvutwa. Kibamba kilicholazwa juu ya vishikilio viwili kikipigwa katikati, upande wa juu hubanwa na upande wa chini huvutwa, na ufa huanzia chini, mahali ambapo mpigaji hapaoni. Kupinda kwa milimita moja hivi kunatosha kukivunja, ilhali ubao hudai karibu sentimita nzima. Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka mwanafunzi aisikie mwilini: ubao husukumwa mpaka uachie, saruji hutaka kasi.

Kuhusu kasi, mwaka 1979 wanafizikia watatu wa Marekani, Michael Feld, Ronald McNair na Stephen Wilk, walichapisha vipimo walivyochukua kwa picha za haraka. McNair mwenyewe alikuwa na mkanda mweusi wa karate, na baadaye akawa mwanaanga. Alikufa katika ajali ya chombo cha Challenger mwaka 1986. Walionyesha kwamba ngumi ya nyundo ya mtu aliyefunzwa, yaani ile inayoshuka kutoka juu na kugusa kwa upande wa kidole kidogo, hufikia mita 10 hadi 14 kwa sekunde, na kwamba ngumi ya mbele hufikia kasi yake kubwa kabisa kabla mkono haujanyooka wote, ukiwa umefika kama asilimia 70 hadi 80 ya urefu wake. Walimu wetu walitwambia tupige "kilichopo nyuma ya ubao", na vipimo hivyo vinaeleza kwa nini. Anayelenga uso wa ubao hufika pale mkono ukiwa umeshaanza kujifunga breki. Mimi humwekea mwanafunzi kipande cha nguo sakafuni, katikati ya vishikilio, na kumwambia mkono wake una miadi na nguo hiyo.

Pigo la kwanza ninalofundisha si ngumi. Ni kitako cha kiganja au ngumi ya nyundo, kwa kuwa nyama ya pale ni nene na mifupa imepangika vizuri kubeba mzigo. Ngumi ya mbele huja baadaye sana, baada ya mtu kuonyesha kwamba kifundo cha mkono wake hakikunji na kwamba anagusa kwa vifundo vya kidole cha shahada na cha kati, si kwa viwili vya pembeni, ambavyo mifupa yake ni myembamba na huvunjika upesi. Kwenye uwanja wetu tuna makiwara, ubao uliofukiwa ardhini, mnene chini na mwembamba juu ili uyumbe, uliofungwa kamba ya katani. Vijana wanaopiga shina la mwarobaini nyumbani wakidhani ni mazoezi yale yale nawakataza, kwa sababu shina haliyumbi, na linachojenga ni maumivu ya viungo ya uzeeni.

Jambo moja la pigo ni gumu kulifundisha kuliko yote. Kitu kikivunjika, nguvu huisha pale pale na mkono hupita. Kisipovunjika, nguvu yote hurudi. Kwa hiyo kusita ndiko kunakoumiza, na mtu mwenye hofu akipiga kwa nusu ya uwezo wake amechagua njia yenye maumivu makubwa zaidi. Siwezi kuiondoa hofu hiyo kwa maneno. Ninachoweza ni kumpa msumeno akate ubao wake mwenyewe, aone nyuzi, apime unene, augonge, aupange, na nimempunguzia urefu kiasi kwamba nina hakika utaachia. Mama mmoja muuza mboga wa Majengo, aliyejiunga akiwa ameshapita miaka arobaini, alikataa kupiga jioni nzima. Wiki iliyofuata alikuja mapema tukakata pamoja. Alivishika vipande vilivyobaki, akavipinda mikononi mpaka kimoja kikapasuka kwenye nyuzi, akaniambia, "Kumbe ni hivi tu, mwalimu," na dakika chache baadaye alikuwa ameshakivunja chake kwa kitako cha kiganja.

Watoto siwapi saruji hata wazazi wakiomba. Kwenye ncha za mifupa yao kuna sehemu laini ambako urefu huongezeka, na nyingi hazifungi mpaka mwishoni mwa ujana. Zikiumia, mfupa unaweza kukua vibaya. Wao huvunja vipande vyembamba vya paini kwa mguu, au zile mbao za plastiki zinazounganishwa tena baada ya kuachana. Baadhi ya wenzangu wanataka klabu nzima ihamie kwenye plastiki, na sababu zao ni nzuri: hakuna mti unaokatwa, hakuna vibanzi, na ugumu wake unajulikana. Nimezinunua na ninazitumia. Lakini ubao wa plastiki hauna nyuzi za kusoma, haujui masika wala kiangazi, na mwanafunzi aliyezoea huo peke yake hataweza kuniambia kwa nini kipande hiki kina jicho la tawi pembeni na kile hakina, wala kipi kati ya hivyo viwili ampe mwenzake. Kwa mtihani wa mikanda ya juu, kila mtu bado anakuja wiki nne kabla ili amwage kibamba chake, aandike tarehe na jina kwa msumari, na awe na zamu yake ya kumwagilia magunia.

Siku yenyewe watazamaji hukaa mbali, kwa sababu chembe za saruji huruka usawa wa macho, na mpigaji hupewa kitambaa kimoja cha pamba juu ya kibamba ili ngozi isichanike. Kabla ya pigo tunamwita mtu yeyote kutoka kwenye hadhira, akinyanyue kibamba, akigonge, ayasome maandishi. Baada ya pigo namshika mpigaji mkono na kubonyeza kila mfupa wa kiganja, mmoja mmoja, hata kama anacheka na kusema hajaumia. Akishtuka mahali pamoja, au uvimbe ukianza nyuma ya kidole kidogo, anaondoka pale pale kwenda kupiga picha ya eksirei, na ninaondoka naye.